Asha au Aisha, Dija au Khadija: kifupi kiandikwe kwenye cheti au kibaki nyumbani?

Mdogo wangu alijifungua Alhamisi alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi nesi alikuwa keshasimama kitandani na kalamu. "Mama, jina la mtoto?" Kwenye karatasi ya tangazo la kizazi, pale pa jina palikuwa peupe. Mdogo wangu akamwomba arudi baadaye, kisha akatupa ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: "Jamani, nimebakiwa na Asha, Dija, Zuu na Lulu. Nataka jina fupi, tamu, la kumwita mtoto hata nikiwa jikoni. Marefu sitaki. Nisaidieni kabla yule dada hajarudi."

Shangazi yetu wa Pangani ndiye aliyewahi kujibu. "Dija ni nusu ya jina. Nusu nyingine mmemwekea nani?"

Basi likaanza. Nami kwa kuwa swali hili limeshanigharimu mwenyewe, nikaandika marefu kuliko wote, na haya hapa ndiyo niliyoyaandika, nimeyapanga kidogo tu.

Mimi kwenye cheti cha kuzaliwa ni Fatuma. Nyumbani ni Tuma, tangu siku ya arobaini. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza mwalimu aliniuliza, "Unaitwa nani?" Nikamjibu ninavyoitwa. Akaandika Tuma kwenye daftari la mahudhurio, na jina hilo likapanda nami darasa kwa darasa mpaka likaingia kwenye cheti cha darasa la saba, likavuka sekondari. Nilipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, afisa alizilaza karatasi mbili mezani, akazitazama, akanitazama. "Fatuma na Tuma ni watu wawili au mmoja?" Nikaishia kwa wakili, kuapa kwamba mimi ni mimi. Na zama hizi za pesa za simu utani hauishi: kila mwenye shida ananipigia, "Tuma, tuma!"

Kwa hiyo ningetarajiwa niwe adui wa majina ya kifupi. Siyo. Ninachosema ni kwamba kuna kifupi kilichoiva na kifupi kibichi. Kilichoiva kimeshakuwa jina, kina tahajia yake, kina wenyewe, na kinasimama bila kuegemea kile kirefu kilichokizaa. Kibichi bado ni kipande cha sauti ya mama akiita mtoto uani. Cha kwanza kiandike. Cha pili kiache uani. Na kipimo changu hakina elimu yoyote: je, mtaani kwenu kuna bibi kizee anayeitwa hivyo, na akiitwa hakuna anayetabasamu?

ASHA NA AISHA

Hapa ndipo kifupi kinaposhinda wazi.

Aisha ni jina la mke wa Mtume, na maana yake ni mwenye kuishi, aliye hai. Lilipofika pwani yetu ulimi ukalilainisha likawa Asha. Mombasa na Lamu utamsikia Esha. Hakuna aliyekaa akaamua kulifupisha. Limefupika kwa kuitwa, vizazi kwa vizazi, mpaka Asha wengi hawajui kama jina lao lina kirefu. Mwulize bibi yeyote anayeitwa Asha kama jina lake kamili ni Aisha, atakwambia, "Nani kakwambia? Mimi ni Asha."

Kipimo cha bibi kizee, basi, limepita zamani. Kipimo cha ofisi pia. Wakati Asha-Rose Migiro alipokuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kuanzia 2007 hadi 2012, hakuna aliyehitaji kuelezwa Asha ni mkato wa nini.

Halafu tahajia, jambo ambalo watu hulidharau mpaka siku ya kujaza fomu. Aisha huandikwa Aisha, Aysha, Aishah, Aesha. Nesi ataandika anavyosikia, mwalimu anavyojua, na wakala wa laini ya simu anavyoona. Asha ni herufi nne, na sijamwona mtu akizikosea. Watu hudhani jina refu ndilo salama kwenye makaratasi. Kwa hili ni kinyume chake.

Shangazi alileta hoja ya adabu, kwamba majina ya wake wa Mtume hayakatwi. Hoja nzito kwa familia kama yetu, ila ina jibu. Kwenye Sahihi ya Bukhari imo hadithi ambayo Mtume mwenyewe anamwambia mkewe, "Ewe Aish, huyu hapa Jibrili anakusalimia." Alilikata herufi ya mwisho, kwa mapenzi. Waarabu wana hata jina la kisarufi la mkato wa namna hiyo. Shangazi akanyamaza dakika tatu, kisha akaandika, "Sawa, lakini aliyekata ni Mtume, si mtaa."

Dosari ya Asha ni moja: ni wengi. Darasa moja la chekechea linaweza kuwa na Asha watatu, wakaishia kuitwa Asha Mrefu, Asha wa Mama Sauda na Asha Mwembamba. Na ukikaa jirani na Wahindi, jua kwamba Asha ni jina lao pia, kwao maana yake ni matumaini. Mimi naliona hilo kama nyongeza.

DIJA NA KHADIJA

Dija ni tamu mdomoni, sikatai. Sauti mbili, imekwisha. Ila kwa sasa naihesabu mbichi, na sababu ni tatu, moja ikiwa kubwa kuliko nyingine zote.

Nianze na ndogo. Khadija nalo lina fujo ya tahajia: Khadija, Hadija, Kadija, Khadijah. Watu wa bara wengi hawana haja na ile kh, wanaiacha iende. Kwa hiyo mwenye kuchagua Dija ili kukwepa fujo hiyo ana hoja. Lakini Dija ukiiandika mtu ataiongezea kichwa: afisa ataona pengo, atadhani herufi zimeruka, atauliza, "Ha au Kha?" Fujo ile ile imerudi kupitia mlango wa nyuma.

Ya pili: kifupi hukichagui wewe. Andika Khadija, na watoto wenzake wataamua awe Dija, Hadi, Dida au kitu ambacho hata hujakisikia. Andika Dija, na bado wataamua. Hakuna mtoto wa uswahilini aliyeishi miaka 7 na jina lile lile alilopewa kitandani. Tofauti ni kwamba Khadija ana pa kurudi akichoka na kifupi walichompa, Dija hana.

Ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo iliyomwuma shangazi. Kwa familia hii Khadija si jina la kuchagua kwenye orodha. Ni jina la mama mkwe wa mdogo wangu. Mtoto akiitwa Khadija, amepata somo, yaani mkubwa wa jina moja naye, na somo ana wajibu wake: doti ya kanga, mafuta ya nazi, kumbeba mgongoni, kumtetea kwa baba yake. Sasa mpe Dija kwenye cheti, uende kwa bibi huyo useme, "Tumemwita jina lako." Atauliza, "Liko wapi?"

Na hapa pana jambo la kuangalia kwa karibu, kwa sababu ndiko majina mengi ya kudekeza yanakotoka. Katika familia nyingi za kwetu mke hamtaji mama mkwe kwa jina. Sasa mtoto wako ana jina hilo hilo. Utamwitaje anapokimbilia barabarani? Huwezi kupiga kelele "We Khadija, njoo hapa upigwe!" mkweo amekaa barazani anachambua mchele. Kwa hiyo mama hubuni: humwita mwanawe Bibi, au Mama, au Somo wa Bibi, au ndiyo hicho kifupi, Dija. Kifupi kilikuja kumpa heshima mwenye jina. Ukikiandika kwenye cheti umeondoa jina lenyewe ukabaki na kile kilichowekwa ili kulilinda.

Kama hakuna bibi wala shangazi mwenye jina, hoja hii inaanguka, na Dija inabaki na dosari mbili tu. Bado ningeandika Khadija. Lakini singegombana na mtu.

ZUU NA ZUHURA

Fupi hapa. Zuu usiiandike.

Zuhura ni ile sayari ing'aayo alfajiri na jioni, jina lenye mwanga ndani yake. Zuu ni mlango wa nyumba nyingi: Zuhura, Zulekha, Zubeda, Zuwena, Zulfa, wote wanaitikia. Na u ni ngapi? Nimeona Zu, Zuu, Zuh na Zuuh, zote kwa watu wazima kabisa. Msanii Zuchu wa Zanzibar jina lake ni Zuhura Othman Soud. Mkato wa kuchezea ulijengwa juu ya msingi ambao wazazi wake walishauweka. Hivyo ndivyo inavyopaswa kwenda. Bi Kidude naye, aliyefariki 2013, alikuwa Fatuma binti Baraka. Hebu fikiria mzazi anayemwandikisha mtoto Kidude siku ya kwanza. Jina kama lile mtu hulipata njiani, akalistahili au likamstahili.

LULU

Lulu halina kirefu cha kuficha. Linasikika kama jina la kudekeza, silabi moja mara mbili kama kitoto kinachojifunza kusema, kumbe ni neno kamili, na lina thamani. Kwa anayetaka utamu wa kifupi bila mzigo wa kifupi, hapa pana ugali na mboga yake. Pendo, Maua, Nuru, Tatu, Siti na Kibibi ni wa kundi hilo hilo. Wachaga wana Aika, ambalo kwao ni asante. Fupi, laini, na hakuna wa kuuliza linakatwa kutoka wapi.

Hofu ya mdogo wangu ilikuwa kwamba Lulu ni jina la kitoto, kwamba halitakua. Nikamkumbusha Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima, alipewa ukubwani na watu waliosikia sauti yake, na alipofariki 1950 ndilo jina lililobaki. Leo wazazi humwandika mtoto Siti moja kwa moja. Na Bibi Titi Mohamed je? Ukilitazama jina hilo kama neno tupu, watoto wa shule wangecheka mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Lakini mwanamke aliyewakusanya wanawake wa TANU miaka ya 1950 amelivaa, na leo ni barabara katikati ya Dar es Salaam. Kondakta analitaja kama anavyotaja Mnazi Mmoja.

Ila Lulu lina jambo moja la kupima kwa mdomo. Kwetu Tanzania mtoto hubeba majina matatu: lake, la baba, la babu. Lulu Ali Sudi limekwisha kabla hujavuta pumzi. Lulu Mohamedi Mwinyimkuu lina mwendo. Jina fupi hukaa vizuri mbele ya marefu, na kinyume chake. Liseme kwa sauti, mara tatu, kama vile mwalimu mkuu anavyolisoma siku ya mahafali.

KWA WIFI YANGU, NA KWA WENGINE WASIO WA PWANI

Wifi yangu ni Mkatoliki wa Kibosho, naye alikuwa na mtoto njiani wakati huo huo, kwa hiyo hakukaa kimya. Yeye alikuwa kati ya Margareta na Rita. Nikamwambia aandike Rita bila kusita, kwa sababu hicho ni kifupi kilichoiva mpaka kikawekwa altareni. Mtakatifu Rita wa Cascia, huko Italia, alibatizwa Margherita. Watu wakamwita Rita, na kwa jina hilo alitangazwa mtakatifu mwaka 1900. Padri hatakuwa na neno. Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Na siku ya kufuata cheti atampeleka Rita RITA, aone watumishi wa wakala wa usajili wanavyocheka.

Lena kwa Magdalena, Roza kwa Rozalia, Eliza kwa Elizabeti: hayo yote yameshaiva, yana mabibi. Vero na Stazia bado, kwa sikio langu. Rina kwa Katarina nalipenda kwa sababu ya asali, maana kurina ni kutoa asali mzingani. Lima kwa Halima sitaki kulisikia kwenye cheti cha mtu. Mtoto atakuwa shambani kabla hajajifunza kutembea.

Wakati mwingine kifupi huiva kwa kusafiri. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico mwaka 1983, wazazi wake Wakenya wakiwa huko, wakampa jina la huko pamoja na Amondi la kwao. Kule Lupita ni kudekeza tu, ni Guadalupe aliyepunguzwa na kubembelezwa. Lilipotua Kenya hakuna aliyelijua jina lililolizaa, likawa jina kamili siku hiyo hiyo. Leo ungemshangaza mtu Nairobi ukimwambia umemwita binti yako Guadalupe.

Nairobi hiyo hiyo, Wakikuyu wana Ciru wa Wanjiru na Ciku wa Wanjiku. Huko sheria ya nyumbani ni kali kuliko ya serikali: binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Ciru akiandikwa peke yake, kuna mzee atahesabu deni halijalipwa. Kagera nako Koku ni wengi mno, Kokushubira, Kokugonza, Kokusima, na maana yote ya jina imekaa nyuma ya hiyo Koku. Ukikata, umebaki na mlango bila nyumba.

JARIBIO AMBALO WATU HULISAHAU

Jina la mtoto wa kwanza si la mtoto peke yake. Ni lako. Kuanzia siku ya kutoka na mtoto nje, mtaa mzima utakuita Mama Fulani: muuza samaki, mjumbe, bodaboda, mwalimu, hata mumeo. Watu watakuja kusahau jina lako kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiite mwenyewe. Mama Asha. Mama Lulu. Mama Dija. Mama Zuu. Mdogo wangu alipofika Mama Zuu akasema anajisikia kama muuza urembo wa jumla Kariakoo. Zuu likafutika hapo hapo, na hoja zangu zote za tahajia hazikuwa zimelitikisa.

Jaribio jingine ni la pesa. Ukimtumia mtu fedha kwa simu, kabla hujathibitisha hutokea jina lililosajiliwa. Umezoea kumwita Dija miaka 10, ghafla unaona Khadija Salimu, unasita: ndiye? Ni usumbufu mdogo huo, unaisha kwa kupiga simu. Wa aina yangu, wa cheti kimoja kusema hivi na kingine vile, hauishi kwa simu. Kwa hiyo lolote utakaloandika, liwe ndilo hilo hilo kwenye tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, cheti na fomu ya shule, na mtoto alijue kabla hajakutana na mwalimu wa darasa la kwanza. Mimi hakuna aliyenifundisha kwamba ninaitwa Fatuma. Usajili wenyewe hapa kwetu unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90, kwa hiyo muda wa kubishana upo, si kama nesi anavyokufanya uone. Kalamu yake inaweza kungoja.

Kura yangu kwa mdogo wangu ilikuwa Asha. Ya pili Lulu. Nilimwandikia hivyo, na nikaongeza kwamba kama anataka kumridhisha mama mkwe, basi Khadija lote, na Dija libaki la uani.

Nesi aliporudi saa nane mchana, mama mkwe alikuwa keshafika na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Mdogo wangu anasema alimtazama tu, akamgeukia nesi, akasema, "Andika Khadija." Hakuweza kulitamka mbele yake, akalinong'ona. Nesi akauliza tahajia. Mama mkwe ndiye aliyemjibu, herufi kwa herufi, kuanzia K na H.

Wiki iliyopita niliwasindikiza kliniki. Tulikaa kwenye benchi, mtoto mikononi mwa mama yake, nesi akaita, "Khadija Salimu!" Kimya. Akaita tena. Mdogo wangu akageuka huku na huku kutazama huyo mama mzembe ni nani, mwenye kuitwa haitiki. Mara ya tatu nikampiga kikumbo. "We, ni Bibi huyo anaitwa."